Mbuzi Mmoja, Wadai Watatu

Kisa cha kwanza: Dola za usiku

Shemeji yangu aliondoka Pinga kiangazi cha mwaka 2023 na nyundo, patasi, blanketi moja na dola 200 alizokopa usiku. Habari ya nyundo na blanketi dada yangu, mkewe, aliijua, maana ndiye aliyemfungia mzigo. Habari ya dola 200 hakuijua. Visa vyote vya nyumba ile vilianzia hapo, na wenyewe wameniruhusu kuvisimulia kwa sharti moja tu, kwamba majina yabaki ndani.

Asiyeifahamu Pinga ajue kwanza kwamba ni mji wa Kivu Kaskazini, huku Kongo, uliokaa mpakani mwa maeneo mawili. Sehemu yake inahesabiwa Masisi, sehemu nyingine Walikale. Sokoni utasikia Kinyanga, Kihunde na Kinyarwanda, na juu ya zote Kiswahili kinachowakutanisha wauzaji na wanunuzi. Watu wanaishi kwa muhogo, ndizi, mawese na madini ya misitu ya jirani, na wamezoea kukimbia na kurudi. Mwaka 2012 na 2013, makundi yenye silaha, NDC ya Sheka na APCLS ya Janvier, yaligombania mji huu, wenyeji wakaacha nyumba wazi na kuingia porini. Baadaye, kundi la NDC-R la Guidon liliposhika eneo lote, kila mtu mzima alitakiwa kulipa franka 1,000 kwa mwezi na kutembea na jeton, kikaratasi cha kuonyesha amelipa, mfukoni, la sivyo angekamatwa njiani. Nyumba nyingi zilijifunza kukopa wakati ule, ili baba apite kizuizini na kufika shambani kwake.

Shamba likishindwa, mwanaume wa Walikale anatazama machimbo. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, kasiteriti, yaani mawe ya bati, ya machimbo ya Bisie iliita vijana kutoka kila upande, wakabeba magunia ya kilo 50 mgongoni kupita msituni. Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema, na marufuku ile ilidumu hadi Machi 2011. Duka, boda, mama wa kuuza bugali, wote waliokuwa wakila kwa jasho la mchimbaji waliishiwa pamoja naye. Bisie yenyewe sasa iko mikononi mwa kampuni ya Alphamin, iliyoanza kutoa bati mwaka 2019, na wachimbaji wa mkono wametawanyika kwenye mashimo madogo ya bati, koltani na dhahabu. Huko ndiko shemeji alikokwenda.

Kwenda machimboni kunadai makuta, yaani fedha, ya kuanzia: nauli ya pikipiki, chakula cha njiani, na ushuru wa vizuizi, halali na visivyo halali. Shemeji aliyapata kwa yule ambaye sisi Wakongo tunamwita benki Lambert, mkopeshaji asiye na ofisi wala kibao mlangoni. Masharti yalikuwa mafupi. Chukua dola 200, mwisho wa mwezi rudisha 300, na rehani ni mbuzi jike aliyefungwa nyuma ya jiko. Shemeji alitia kidole kwenye karatasi, akarudi nyumbani, akalala. Asubuhi alimwambia mkewe, "Mama watoto, nitatuma kabla mvua hazijaanza."

Kisa cha pili: Simu inayopungua

Mwezi wa kwanza alipiga simu kila alipopanda kilima chenye mtandao. Mwezi wa pili alipiga siku za Jumapili. Mwezi wa tatu dada alianza kumtetea kabla hajaulizwa: "Huko hakuna umeme wa kuchaji."

Kule shimoni mambo yalikuwa hivi. Mkubwa wa shimo, anayeitwa PDG, huwalisha wachimbaji kwa mkopo hadi siku madini yatakapotoka. Unga, maharagwe, sigara, dawa ya malaria, vyote vinaandikwa daftarini kwa bei ya msituni. Madini yakitoka, PDG anakata chake, mwenye ardhi anakata chake, watumishi wa serikali na watu wa bunduki nao hawakosi, ndipo timu inagawana kilichosalia. Shimo la shemeji lilijaa maji kabla ya kufika kwenye mshipa. Daftari la chakula halikujaa maji. Akawa amefungwa na madeni mawili, moja nyumbani na jingine alipo, na aliona aibu kuyataja yote mawili.

Nyumbani, mtoto wa tatu alishikwa na malaria hadi damu ikapungua, akahitaji kuongezewa. Dada alikimbilia kwa wenzake wa AVEC, chama cha akina mama cha kuweka na kukopa. Mpango wa namna hii ulianzishwa na shirika la CARE huko Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, ukaenea Afrika nzima, na kwetu umeshika mizizi: sanduku moja, kufuli tatu, funguo tatu kwa watu watatu, na kikao kila juma. Mwanachama hukopa hadi mara tatu ya akiba yake. Dada alikuwa na akiba ndogo, akakopa dola 100, na walipomuuliza dhamana alisema bila kusita, "Niko na mbuzi wangu nyuma ya jiko."

Mama mkwe wake naye alikuwa na mzigo wake. Mwanawe mdogo alikuwa amempa mimba binti wa watu. Wazee walikaa, faini ikapangwa, na mama mzee, kwa kuwa mwanawe mkubwa hayupo, alisimama mbele ya wote na kutoa neno: "Mbuzi yuko. Mje mumchukue baada ya mavuno."

Hivyo mnyama mmoja alikuwa amekwisha tolewa mara tatu, na kila aliyemtoa alikuwa na sababu ya kweli. Hakuna mwizi katika nyumba hii. Shemeji alitafutia watoto maisha. Dada aliokoa mtoto. Mama mzee aliokoa jina la ukoo. Kilichokosekana ni mahali pa kusemea.

Kisa cha tatu: Siku ya mbuzi

Ilikuwa siku ya soko, mwanzoni mwa 2024. Aliyetangulia ni kijana wa mkopeshaji, mwenye karatasi yenye kidole cha shemeji. Dada aliisoma mara mbili, akakaa chini palepale uani. Dola 200 zilikuwa zimefika 300 mwezi wa kwanza, 450 mwezi wa pili, 675 mwezi wa tatu, ndipo mkopeshaji aliposimamisha hesabu na kuamua kuja kuchukua kilicho hai. Kabla kijana hajafungua kamba, wajomba wa yule binti waliingia na fimbo zao, wakamsalimu mama mzee kwa heshima, wakaulizia mbuzi wao. Na kabla mama mzee hajajibu, walifika mama wawili wa AVEC, maana dada alikuwa amekosa vikao na mkopo wake ulikuwa umepita siku.

Kamba ilivutwa huku, ikavutwa kule. Mbuzi, aliyekuwa na hofu kuliko wote, alikata kamba na kuruka uzio, akaingia shamba la muhogo la jirani yetu mjane. Wakati watu wazima wakibishana nani mwenye haki, mnyama alikula majani ya matuta mawili na kuvunja miche aliyoikanyaga. Mjane alikuja naye mkono mmoja umeshika sikio la mbuzi, mkono wa pili umeshika mche uliovunjika. Alikuwa mdai wa nne, na yeye peke yake siku ile hakuwa na deni kwa mtu.

Maneno yaliyosemwa uani ndiyo yaliyoumiza kuliko hasara. Mama mzee alimwambia dada, "Umeuza nyumba ya mwanangu kwa wanawake wa sanduku." Dada akamjibu, "Mwanao ameniuza mimi." Watoto walisikia. Majirani walisikia. Kijana wa mkopeshaji aliaga kwa kusema kwamba mbuzi akikosekana, jela ya kumweka mke wa mdaiwa haikosekani.

Mzee wa kijiji alikuja jioni, akaamua mbuzi abaki kwake hadi mambo yanyooke, akatoza faini ya muhogo ulioliwa. Uamuzi ulikuwa wa haki, na ulizuia watu kupigana. Usiku huo nyumba ile ililala bila salamu. Mama mzee alihamishia sufuria yake chini ya mwembe na kujipikia peke yake. Mtoto wa miaka minane alianza tena kukojoa kitandani. Dada aliacha kwenda kikaoni, akaacha kwenda sokoni, akashikwa na maumivu ya kichwa na moyo kwenda mbio kila akisikia pikipiki inasimama barabarani.

Kisa cha nne: Mama APS

Kituo cha afya kilimpa dada parasetamoli, akarudi, akapewa tena. Mara iliyofuata muuguzi alifunga daftari lake na kumwambia, "Mama, damu yako ni nzuri, tumbo ni zuri. Kuna mama mmoja nyuma ya hiki chumba, nenda ukaongee naye." Huyo alikuwa mshauri wa mambo ya roho na jamii, kazi ambayo huku tunaiita kwa herufi zake tatu za Kifaransa, APS. Watu wengi wanadhani kazi hii ni kwa ajili ya wanawake waliobakwa tu, na kwa hiyo wanaona aibu kuonekana mlangoni. Ni kweli wengi wanaohudumiwa ni hao, na wanastahili. Lakini mlango ule hauulizi jeraha limetoka wapi.

Ujuzi wa wanawake hawa umepimwa. Mwaka 2013, jarida la tiba la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofanywa katika vijiji 16 vya Kivu Kusini na Kaskazini, ambako APS wa vijijini, wasio madaktari wala wahitimu wa chuo kikuu, waliongoza vikundi vya tiba ya mazungumzo. Wanawake waliohudhuria vikundi hivyo walipata nafuu kubwa, na nafuu hiyo ilidumu miezi baadaye. Huko Harare, Daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na akina bibi 14 wa mtaa wa Mbare, waliokaa na wagonjwa kwenye mabenchi nje ya zahanati na kuwasikiliza shida zao moja baada ya nyingine. Mwaka 2016 matokeo yake yalichapishwa na kuthibitisha kwamba waliosikilizwa hivyo walipungukiwa na huzuni. Kusikiliza kwa utaratibu ni kazi inayofundishika, na mtu wa kawaida mwenye busara anaweza kuifanya vizuri.

Mama APS hakumuuliza dada nani alianza. Alimuuliza, "Saa gani ya siku ni ngumu kuliko nyingine?" Dada alisema ni jioni, wakati wa kufunga mlango, maana ndipo anapohesabu nani hayupo. Walianzia kwenye jioni. Alimfundisha kupumua polepole mkono ukiwa tumboni, na kumtaka kila siku afanye jambo moja dogo alilokuwa akilipenda. Dada alichagua kufuma vikapu, kazi aliyoiacha tangu uchumba.

Kisha alimfumbulia hofu ya jela. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao nchi yetu iliingia mwaka 1976, unasema katika kifungu cha 11 kwamba hakuna atakayefungwa kwa sababu tu ameshindwa kutimiza ahadi ya mkataba. Atakayetapeli ni kesi nyingine, na mke hafungwi kwa kidole cha mumewe. Sheria ya familia nayo ina neno. Ile ya mwaka 1987 ilimtaka mke aombe ruhusa ya mumewe kabla ya kufunga makubaliano yoyote mbele ya sheria. Marekebisho ya Julai 2016 yaliondoa ruhusa hiyo, yakaweka jambo gumu zaidi na bora zaidi: mume na mke wakubaliane katika mambo ya kisheria yanayowafunga. Katika nyumba hii kila mmoja alikuwa amejifunga kivyake.

Juma lililofuata Mama APS alikwenda chini ya mwembe, akaketi kwenye kigoda karibu na sufuria ya mama mzee, akamsaidia kuchambua maharagwe. Alipita hapo siku kadhaa kabla neno halijatoka. Mama mzee alikuwa akijua habari za dola 200 tangu usiku ule ule. Mwanawe alimwamsha, akamweleza, akamwapisha asiseme. Miezi yote ile alimwona mkamwana wake akimtetea mume kwenye simu, na kila alipomtazama alihisi anasutwa. Ukali wake wote ulikuwa ni uzito wa siri aliyopewa na mtoto wake.

Ikabaki sauti ya machimboni. Mama APS alimwomba dada apige simu moja ambayo ndani yake hakuna neno la makuta. Dada aliona ni jambo lisilowezekana. Wana miezi, alisema, hawajaongea kingine. Alipiga hata hivyo. Alimwambia mumewe kwamba mtoto wa tatu amepona na amejifunza kuandika jina lake, na kwamba mvua imebomoa kona ya jiko lakini wajukuu wa mjane wameisiriba. Akanyamaza. Upande wa pili, mwanaume aliyekwenda msituni na nyundo alilia kwa sauti. Kisha mwenyewe, bila kuulizwa, akataja shimo lililojaa maji, daftari la PDG, na karatasi yenye kidole chake. Alikuwa ameacha kupiga kwa sababu kila simu ilianza na swali ambalo hakuwa na jibu lake.

Kisa cha tano: Maharagwe juu ya mkeka

Kabla ya kuwakutanisha wote, Mama APS aliuliza swali moja: katika ukoo huu, ni nani ambaye pande zote mbili zinampenda na kumwogopa? Wote walitaja shangazi wa shemeji, dada wa marehemu baba yake, anayeishi kijiji cha jirani. Wanyanga hawatashangaa. Utendi wao mkuu wa Mwindo, ambao Shé-Kárisi Rureke aliuimba mbele ya Daniel Biebuyck mwaka 1956 na ukachapishwa mwaka 1969 kwa mkono wa Biebuyck na Kahombo Mateene, ni kisa cha nyumba iliyoharibika. Chifu Shemwindo anakataa watoto wa kiume, anajaribu kumwua mwanawe, naye mwana anamfuata hadi chini ya ardhi kulipiza. Mwisho wake ni kikao. Baba anakiri mbele ya watu wote, shangazi Iyangura anatoa neno lake, na mwana anasamehe. Wazee wetu walijua kwamba shujaa hajawa shujaa mpaka amekaa na waliomkosea, na kwamba anayewaketisha mara nyingi ni shangazi.

Shangazi wetu alikuja na kikwembe chake cha sherehe. Shemeji alikuwa amerudi, mikono mitupu, amekonda, akiwa amekubaliana na PDG kwamba deni la chakula litakatwa kwenye nguvu zake msimu ujao. Mkeka ulitandikwa. Kanuni ilikuwa moja: kila mtu anasema madeni anayoyajua, wengine wananyamaza mpaka amalize. Kila harage lilikuwa dola 10. Mekundu yalikuwa makuta yaliyopokelewa kweli, meupe yalikuwa riba.

Rundo la mkopeshaji liliwanyamazisha wote. Mekundu 20, meupe karibu 50. Kwa mara ya kwanza waliona kwa macho kwamba nyumba ilikuwa haigombani kwa sababu ya walichokula. Sehemu kubwa ya ugomvi ilikuwa juu ya kitu ambacho hakuna aliyekila. Rundo la AVEC, lililomfanya dada asitoke nje, lilikuwa dogo sana. Shemeji alilitazama, akauliza lilikuwa la nini. Dada akamwambia, "La damu ya mtoto." Hakujua. Hakuna aliyekuwa amemweleza kwamba mtoto alikaribia kufa, maana dada hakutaka kumtia hofu akiwa shimoni. Shemeji aliweka mkono juu ya maharagwe yale na hakuutoa kwa muda.

Kisha walipanga, na mpango wao unaweza kuisaidia nyumba nyingine. AVEC ilitangulia, kwa sababu makuta yale ni ya majirani na riba yake hurudi kwa wanachama wenyewe mwishoni mwa mwaka, wakati sanduku linapogawanywa. Mjane alilipwa kwa jembe: shemeji na mdogo wake walimlimia matuta mapya na kumpandia miche, naye akaridhika. Mbuzi alikwenda kwa wajomba wa binti, kwa kuwa pale kulikuwa na mtoto atakayezaliwa na jina lake halipaswi kuanza na ugomvi. Kwa mkopeshaji walikwenda wote, pamoja na mzee wa kijiji na karatasi. Shemeji alikiri deni bila kukwepa. Mzee aliuliza kama kuna mtu Pinga aliyewahi kuona shamba linalozaa mara tatu kwa miezi mitatu. Baada ya mjadala mrefu walikubaliana dola 200 za asili na 100 juu yake, kwa awamu, na karatasi ya zamani ikachanwa mbele ya mashahidi.

Dawa ya deni ni kulipa, wahenga walisema, na hakuna aliyewabishia. Lakini nyumba ile isingeweza kulipa hata franka moja wakati kila mmoja anaficha hesabu yake. Vikao vilikwenda mbele, malipo yakafuata nyuma.

Kisa cha sita: Vita tena

Awamu zilikuwa zinakwenda vizuri ilipofika Oktoba 2024. Tarehe 20, mapigano ya waasi wa M23 na wapiganaji wa Wazalendo yaliifikia Kalembe, na Pinga ikafunga tena virago. Akina mama wa AVEC walifungua sanduku kabla ya muda wake, funguo zote tatu zikiwapo, wakagawana akiba na kuingia njiani. Kwa kuwa dada alikuwa amemaliza mkopo wake, alipata fungu lake kamili. Lilinunua chumvi, dawa na nauli. Shemeji hakwenda machimboni peke yake kutafuta cha kuwalisha. Walikaa pamoja kwanza, wakaamua nani aende, kwa muda gani, na kwa makuta ya nani.

Januari 2025 Goma ilianguka mikononi mwa M23, na benki zake zikafungwa. Mtu wa mbali anaweza kudhani jambo hilo haliihusu nyumba ya udongo huko Walikale. Linaihusu sana. Mfanyabiashara wa Goma asiyeweza kutoa akiba yake anamkaba mnunuzi wa madini, mnunuzi anamkaba PDG, PDG anamkaba mchimbaji, na mchimbaji anaacha kupiga simu nyumbani. Mkopeshaji wetu naye alikuwa anazungusha makuta ya mtu wa mjini. Tulipomkuta ukimbizini alikuwa amelala chini ya hema la turubai kama sisi, naye alikuwa hajamwambia mkewe. Dada yangu, aliyekuwa akitetemeka kwa mlio wa pikipiki akimdhania kijana wa mkopeshaji huyo, ndiye aliyemwelekeza mke wa mkopeshaji kwa mshauri aliyekuwa karibu.

Mwezi huo huo wa Januari, Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na mwaka uliotangulia nchi hiyo ndiyo iliyokuwa imetoa takriban asilimia 70 ya fedha za misaada ya dharura kwa Kongo. Fedha zinapopungua, wapangaji wa misaada huhesabu kwanza unga, maji na chanjo, na ni sawa. Lakini mshauri wa nyuma ya kituo cha afya, ambaye mara nyingi analipwa na mradi, asiwekwe katika orodha ya mambo yanayoweza kungoja. Nyumba isiyosemezana haigawani unga vizuri. Mtoto wa nyumba hiyo anaacha shule, mama anameza parasetamoli isiyo na kazi, na baba anachimba mwaka wa pili na wa tatu kwa hofu ya kurudi mikono mitupu.

Naomba makanisa, misikiti, wakuu wa vijiji na vyama vya AVEC vilivyo Masisi na Walikale wafanye jambo ambalo halihitaji fedha za ng'ambo. Kabla mtu hajaondoka kwenda machimboni, aketishwe na mkewe na mmoja wa wazee wake, na yasemwe mambo matatu kwa sauti: nini kimekopwa na kwa nani, kitu gani cha nyumba kimewekwa rehani, na siku gani ya juma simu itapigwa kwa ajili ya salamu tu, hata kama hakuna kitu cha kutuma. Chama cha AVEC kinaweza kuuliza mambo hayo kabla ya kutoa mkopo. Padri, mchungaji na imamu wanaweza kuyauliza kabla ya kubariki safari. Wanaobaki nao wawe na haki ya kusema ya kwao, kwa sababu anayeondoka sio peke yake anayejifunga.

Dada na shemeji bado wanadaiwa. Awamu mbili za mkopeshaji zimesalia, na daftari la PDG halijafungwa. Wanazijua zote kwa pamoja, mama mzee anazijua, na hata mtoto mkubwa anajua kwa nini viatu vyake vipya vitangoja. Mzigo haujaisha, ila hakuna anayeubeba gizani.